Kikohozi na Pua Iliyoziba Visipokwisha

Pua, koo na mapafu ni njia moja ya hewa iliyotandwa ndani kwa ngozi laini inayotoa ute, na kwa sababu hiyo maradhi yanayoanzia puani mara nyingi hujitokeza kama kikohozi. Mafua ya kawaida, ambayo huletwa na virusi, hupoa kwa siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi chake huweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Kwa mtu mzima, kikohozi kinachozidi wiki 8 huhesabiwa kuwa sugu, na hapo kutafuta chanzo hutangulia kutafuta dawa.

Chanzo kimojawapo ni mzio, yaani hali ya kinga ya mwili kuvipinga kwa ukali vitu visivyowadhuru watu wengi, kama vile utitiri wa vumbi unaoishi katika magodoro na mito, mabaki ya mende, kuvu na chavua. Mwenye mzio huwashwa pua na macho, hupiga chafya mfululizo na kutokwa na makamasi mepesi, bila homa. Makamasi yakiwa mazito, uso ukauma na uwezo wa kunusa ukapungua, huenda zimevimba sinasi, ambazo ni vyumba vya hewa vilivyomo katika mifupa ya uso. Katika hali zote mbili ute huteremka kooni kwa nyuma, na mgonjwa hukohoa zaidi anapolala. Hata dawa za kupuliza zinazozibua pua haraka, zikitumiwa kwa zaidi ya siku chache, huirudisha hali ya kuziba.

Vyanzo vingine havimo puani. Pumu, ambayo ni kusinyaa kwa mirija ya hewa, aghalabu huandamana na mzio wa pua na huleta kikohozi cha usiku au alfajiri. Moshi wa sigara, kuni na mkaa huuchubua utando wa njia ya hewa. Asidi ya tumbo inayopanda kooni hukohoza hata pasipo kiungulia. Na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama enalapril, huleta kikohozi kikavu kinachokoma zinapobadilishwa na daktari.

Kifua kikuu kwa kawaida hakizibi pua, lakini mwenye mzio wa miaka mingi anaweza kukipata pia, na mazoea ya kusingizia vumbi humchelewesha. Kwa hiyo, katika Afrika Mashariki, kikohozi cha wiki 2 au zaidi, hasa kikiambatana na homa, jasho la usiku, kukonda au makohozi yenye damu, hustahili kupimwa. Anayeishi na VVU hapaswi kungoja muda huo. Antibiotiki za kujinunulia hazitibu virusi wala mzio, na baadhi yake hutuliza dalili za kifua kikuu kwa muda tu, hivyo kuuficha ugonjwa ambao kipimo cha makohozi kingeubaini.