Samaki wa baharini nyumbani: chunga mikono yako

Ikiwa unaishi Wote au Kitui mjini na wataka kufuga samaki wa baharini katika tangi la kioo, usidhani maji ya chumvi ya kisima chako yatafaa. Chumvi yake si ile ya bahari, ambayo ni gramu 35 hivi kwa lita. Nunua chumvi maalum ya matangi, si ya mezani, uichanganye na maji yaliyoondolewa chumvi kwa mashine.

Hatari kwako ni Mycobacterium marinum, kijidudu cha jamii moja na kile cha kifua kikuu. Huingia kupitia mchubuko na kuleta uvimbe mkononi usiopona kwa majuma mengi. Vaa glavu, na usifyonze mpira wa maji kwa mdomo. Ukipata uvimbe, mwambie daktari unafuga samaki, huenda asikuulize.