Mkarafuu: Dawa Ndani ya Tumba la Ua

Mkarafuu ni mti wa kijani kibichi mwaka mzima, usiopukutisha majani yake kwa msimu. Jina lake la kitaalamu ni Syzygium aromaticum, na umo katika familia moja na mzambarau, mpera na mkaratusi. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita 8 hadi 12. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha mpango wa kuitorosha miche kutoka huko hadi Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mti huo ukafika Zanzibar. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ilhali ya Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo inayoongoza kwa zao hilo.

Karafuu yenyewe ni tumba la ua ambalo halijachanua. Huchumwa linapoanza kugeuka rangi, kutoka kijani kwenda wekundu, kisha hutenganishwa na makonyo yake na kuanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Likikauka hubaki na takriban theluthi moja ya uzito wake wa mwanzo. Ua lililokwisha kuchanua halina thamani ya tumba, kwa sababu mafuta yake yamepungua.

Mafuta hayo yamo katika sehemu nyingi za mti. Jani likiinuliwa dhidi ya mwanga huonyesha vitone vingi vinavyopenyeza nuru, navyo ni vijifuko vya mafuta vilivyo chini ya ngozi ya jani. Tumba lina vijifuko vya namna hiyo karibu kabisa na uso wake, na ndiyo maana karafuu nzuri ikibonyezwa kwa ukucha hutoa unyevu wa mafuta. Karafuu kavu huwa na mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, makonyo asilimia 5 hadi 7, na majani asilimia 2 au 3 tu. Mafuta hutolewa kwa mvuke, na huko Pemba makonyo hukenekwa katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake.

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, asilimia 70 hadi 90, ni kemikali moja iitwayo yujenoli. Molekuli yake ina atomu 10 za kaboni, 12 za hidrojeni na 2 za oksijeni. Kiini chake ni pete ya kaboni sita iliyobeba kundi la oksijeni na hidrojeni, na kwa hiyo yujenoli huhesabiwa miongoni mwa fenoli. Kemikali hii ni nzito kuliko maji, huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi, na ikiachwa wazi hewani hugeuka kahawia. Kundi lile la oksijeni na hidrojeni hutoa hidrojeni yake kwa urahisi, na tabia hiyo moja hueleza mengi katika matumizi ya karafuu, mazuri na mabaya.

Matumizi yanayojulikana zaidi ni ya kutuliza jino. Karafuu ikitafunwa, ufizi huhisi moto kwanza, kisha ganzi. Yujenoli huamsha kipokezi kilekile cha neva kinachoamshwa na pilipili, halafu huziba njia ambazo sodiamu hupita kuingia ndani ya neva. Pasipo sodiamu kuingia, taarifa ya maumivu haisafiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na wataalamu wa Kuwait, uliohusisha watu wazima 73, ulionyesha kuwa jeli ya karafuu iliyopakwa kwenye ufizi ilipunguza maumivu ya sindano sawa na benzokeini, dawa ya ganzi ya hospitalini.

Madaktari wa meno huitumia kwa njia nyingine pia. Unga mweupe wa oksidi ya zinki ukikorogwa na yujenoli, kila atomu ya zinki hushikwa na molekuli mbili, na mchanganyiko huganda ukawa kizibo cha muda cha jino lililotoboka. Kizibo hicho huachia yujenoli kidogo kidogo na kutuliza kiini cha jino. Hata hivyo hakifai kuwekwa chini ya kizibo cha plastiki kinachokazwa kwa mwanga, kwa kuwa hidrojeni ya yujenoli hukatiza mmenyuko unaoikaza plastiki hiyo.

Katika maabara, yujenoli huua bakteria na kuvu wengi kwa kutoboa utando wa seli zao. Majumbani, karafuu hutiwa katika chai pamoja na tangawizi kwa ajili ya gesi tumboni na kikohozi, na mafuta yake hutumika kuchulia viungo vinavyouma. Ushahidi wa kitabibu wa matumizi haya ya nyumbani ni mdogo kuliko ule wa jino.

Hatari iko kwenye mafuta, si kwenye karafuu chache za pilau. Mafuta yasiyochanganywa huunguza ngozi na utando wa kinywa. Yakinywewa, ini huyageuza kuwa kemikali kali inayomaliza glutathioni, kinga ya ndani ya ini, kama inavyotokea mtu anapozidisha parasetamoli. Kuna mtoto wa miaka miwili aliyezimia na kuharibikiwa ini baada ya kunywa mililita 5 hadi 10 tu, na dawa inayotolewa kwa sumu ya parasetamoli, asetilisistini, hutumika pia kwa wagonjwa wa namna hiyo. Yujenoli vilevile hupunguza kuganda kwa damu, hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, anapaswa kumweleza daktari kabla ya kutumia mafuta hayo kama dawa. Kwa maumivu ya jino, tone lililochanganywa na mafuta ya kula na kupakwa kwa pamba hutosha kwa muda, lakini haliondoi tundu wala usaha, na jino lenyewe bado lahitaji tiba.