Ini Litakalobaki

Fundi mwenye busara, kabla ya kupanda juu ya paa la zamani, hugonga boriti na kutega sikio. Boriti nzima ina mlio wake. Iliyoliwa na mchwa ina mlio mwingine. Hakanyagi asichokijua. Hivyo ndivyo wafanyavyo waganga wa siku hizi kabla ya kupasua ini lenye kansa.

Ndugu wasomaji, mara nyingi jamaa huuliza kwa uchungu: «Uvimbe ni mdogo, nao umekwisha kuonekana, kwa nini mganga asiukate leo?» Swali hilo ni la haki. Lakini mganga ana swali la pili: ini litakalobaki, je, litaweza kumchukua mgonjwa?

Mungu Mwumba amelipa ini kipaji cha ajabu: likikatwa, hukua tena. Katika sehemu 100 za ini lenye afya, zikibaki hata 25 au 30 zaweza kutosha. Lakini kansa ya ini mara nyingi huota penye makovu, yaliyoletwa na homa ya ini ya aina B au C, au na pombe. Ini la namna hiyo limekuwa gumu, wala halikui upesi. Hapo waganga hutaka zibaki sehemu 40 au zaidi. Zisipotosha, macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, akili huvurugika. Na mgonjwa aliyeokoka kisu aweza kufa baadaye, kwa kuwa ini limeshindwa.

Ugumu huo hupimwaje? Kwa ekografi, jamaa ya chombo kile wanachokijua mama wajawazito. Hutuma mlio usiosikika na sikio la mtu, kisha hupokea mwangwi wake. Mwaka 2003 wataalamu wa Ufaransa walitangaza njia ya kupimia ini kwa namna hiyo. Mgonjwa, asiyekula kwa saa chache, hulala chali. Kichwa cha chombo huwekwa katikati ya mbavu za kuume, nacho hupiga pigo dogo juu ya ngozi. Pigo hilo hupita ndani ya ini kama wimbi, na ekografi hulifuata. Katika ini laini wimbi huenda polepole. Katika ini gumu hukimbia. Hakuna damu wala maumivu. Hesabu hutolewa kwa kilopaskali: ini lenye afya huwa karibu na 5, likipita 12, waganga hushuku makovu mengi, na hatari ya kupasua huzidi.

Kipimo hicho peke yake hakitoi hukumu. Maji tumboni hukizuia, na ini lililovimba kwa homa huonekana gumu kuliko lilivyo. Kwa hiyo mganga huchunguza pia damu na picha nyingine. Akisema «Tusipasue», hajamtupa mgonjwa: uvimbe mdogo waweza kuunguzwa kwa sindano ya moto, ekografi ikiiongoza.

Tumefundishwa katika katekisimu kwamba busara ni fadhila. Kungoja kipimo si woga. Lakini busara huanza nyumbani. Mtoto apewe chanjo ya homa ya ini B mapema, tangu siku ya kuzaliwa ikipatikana. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, maana sumu yake huleta kansa. Naye aliye na homa hiyo amwulize mganga juu ya kupimwa kwa ekografi kila miezi 6. Uvimbe ukionekana ungali mdogo, na ini lingali na nguvu, fundi atapata boriti ya kukanyaga.