Ukilipa nusu, gari ni la nani?

Kuanzia Kimara Baruti hadi Temboni, mkataba wa kuuziana gari hupatikana kwa dakika chache. Mnakubaliana bei, mnaingia stesheneri, kijana anafungua faili lililokwisha kutumiwa na wengine, anabadilisha majina na namba ya gari, anachapa. Nimewahi kuletewa mkataba wa Noah ambao aya yake ya tatu bado ilizungumzia pikipiki. Pande zote zilishasaini, na mashahidi pia.

Mkataba wa namna hiyo si batili kwa sababu tu haukuandikwa na wakili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka watu waliofikisha miaka 18, wenye akili timamu, waliokubaliana kwa hiari juu ya jambo halali na malipo halali. Basi. Shida huwa kwenye yale ambayo karatasi haikuyasema.

Chukua sentensi hii ambayo naikuta kila mara: "Mnunuzi amelipa nusu ya fedha leo, iliyobaki atalipa ndani ya miezi miwili." Ndani ya miezi hiyo, gari ni la nani? Muuzaji aliyebaki na kadi ya gari atakuambia bado ni lake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema vingine. Ikiwa gari ni hilohilo mliloliona, liko tayari kukabidhiwa, na hamkuonyesha nia tofauti wala kuweka sharti, umiliki unahamia kwa mnunuzi pale mnapofunga mkataba, hata kama malipo yameahirishwa. Hasara nayo hufuata umiliki. Gari likigongwa pale Suka wiki inayofuata, mnunuzi amepata hasara na deni bado analo. Muuzaji naye, akishakabidhi gari, hawezi kuja usiku na fundi kulivuta eti kwa sababu kadi iko kabatini kwake. Njia yake ni kudai fedha, na ikibidi mahakamani.

Kwa hiyo andikeni waziwazi umiliki utahama siku gani, nani anabeba hasara kabla ya siku hiyo, na kianzio kitakuwaje malipo yakikwama.

Maneno mengine ya kusoma taratibu ni "gari limeuzwa kama lilivyo". Ukinunua kwa mtu binafsi, sheria haikupi dhamana ya ubora, kwa hiyo mpeleke fundi wako kwanza. Kwa mwenye yadi, ambaye kuuza magari ndiyo kazi yake, sheria inadai gari liwe na ubora unaokubalika kibiashara, isipokuwa kasoro ambazo ungeziona ulipolikagua. Maneno hayo manne huwekwa ili kuiondoa kinga hiyo. Kataa, au punguziwa bei.

Jina lililo kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayesaini. Asiye mmiliki hawezi kukupa umiliki, hata akiwa mtoto wa marehemu mwenye gari. Anayeuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya uteuzi uione kwa macho yako. Ukiambiwa kadi iko benki, nendeni wote benki. Dalali asiwe shahidi, maana ujira wake unategemea mauzo hayo. Fedha iingie kwenye akaunti ya mwenye gari.

Mkishamalizana, hamisheni umiliki TRA na kulipa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya bei. Bila hivyo, faini za trafiki na madai ya ajali yataanza kumtafuta mtu ambaye jina lake bado liko kwenye kadi.

Kama umeshatoa kianzio na mkataba wako hausemi umiliki unahama lini, hujachelewa. Andikeni nyongeza, msaini wote wawili mbele ya mashahidi, kabla awamu ya mwisho haijafika.