Romarini: kitu chenye kulinda mafuta kinabaki katika majani yenye kutupwa

Sambaza zilizokaushwa zinaweza kufika sokoni zikiwa kavu, bila funza, na bado mununuzi akazirudisha mezani akisha kuzinusa. Mafuta yenye kuwa ndani ya samaki yamechacha. Oksijeni ya hewa imeyashambulia, joto na mwangaza vimesaidia, na ile harufu haitoki hata ukiosha. Karanga zilizosagwa na mafuta ya kula yaliyokaa kwenye jua yanapatwa na jambo hilohilo.

Viwanda vya chakula vinapigana na hasara hiyo kwa kutia antioksidanti, vitu vyenye kukatiza kazi ya oksijeni ndani ya mafuta. Kwa miaka mingi vilitegemea zile za kutengenezwa, kama BHA na BHT, ambazo kwenye paketi zinaandikwa E320 na E321. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliruhusu ingine ya kutoka katika mumea: dondoo la romarini, namba E392. Kwa kilo moja ya mafuta ya samaki hairuhusiwi kupita miligramu 50 za ile sehemu yenye nguvu. Ni kidogo sana, na ndiyo maana biashara yake inalipa.

Wengi wanazani kwamba nguvu ya romarini iko katika harufu yake. Si hivyo. Mutu akipitisha muvuke katika majani, mafuta ya manukato yanapanda na muvuke, yanapozwa, yanauzwa. Lakini asidi karnosiki haipandi, wala asidi rosmariniki, ambayo watafiti wa Italia waliitenga mwaka 1958. Sehemu kubwa inabaki katika majani yaliyochemshwa na katika maji ya pipa. Kisha majani hayo yanatupwa shambani ao yanachomwa!

Kuyakamua kunafuata njia ingine. Majani yanakaushwa kivulini, yanasagwa, yanalowekwa katika alkoli yenye kuchanganywa na maji. Asidi rosmariniki inapenda maji. Karnosiki inapenda alkoli na mafuta. Halafu watu wanachuja na kuondoa alkoli, ambayo inachemka kwa digri 78. Viwanda vinapunguza mugandamizo wa hewa ili ichemke mbele ya joto hilo, juu joto kali linaharibu kile wanachotafuta. Kinachobaki ni uji muzito wa rangi ya kijani nzito. Viwanda vinene vinatumia gesi karboniki iliyobanwa kupita mara 73 ya mugandamizo wa hewa ya kawaida, lakini mashine hizo ni za bei kali.

Kupima kama dondoo linafanya kazi si gumu kwa chumba cha kemia: kuna maji ya rangi ya zambarau yenye kuitwa DPPH, na antioksidanti ikiingia, yanageuka manjano.

Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kinatoa kinini katika maganda ya muti wa kinkina. Mumea ni tofauti, kanuni ni ndugu: kukausha, kusaga, kuyeyusha, kusafisha.

Mimea yote haifanani, hata hivyo. Kwa karafuu, kinacholinda ni ojenoli, na yenyewe inapanda na muvuke. Pale mafuta ya manukato yenyewe ndiyo yanatumika.

Hatari ziko. Muvuke wa alkoli unawaka haraka, kwa hiyo moto wa makala haufai karibu. Kanyanga ya mutaani isitumiwe: nguvu yake haijulikani, na inaweza kuwa na metanoli, ambayo ni sumu. Na mwenye kuuza dondoo hilo kama dawa ya kansa anadanganya wagonjwa. Mwaka 1994, matokeo ya uchunguzi kwa wanaume wavutaji zaidi ya 29 000 wa Finlandi yalionyesha kwamba wale waliopewa vidonge vya beta-karoteni, antioksidanti ya kujulikana sana, walipata kansa ya mapafu zaidi kuliko wengine.

Kwa wenye kuwa tayari na pipa la muvuke, jaribio la kwanza ni la bei ndogo. Mafuta yaleyale katika chupa mbili, moja na dondoo la yale mabaki, ingine bila kitu. Zote ziwekwe pahali pa joto, na kunuswa kila siku mpaka moja ichache.