Kasheshe ya ndoo ya viluwiluwi Mpanda

UKITAJA neno "chura" mbele ya vijana wa mjini, msomaji wangu, wengi watacheka na kukumbuka ule wimbo wa Snura ambao video yake ilifungiwa na serikali mwaka 2016. Leo simzungumzii huyo. Namzungumzia chura mwenyewe, yule wa kwenye dimbwi, anayetukosesha usingizi Makanyagio, Nsemulwa na Kashaulili mvua zikishaanza. Nawazungumzia na watoto wetu, maana kuna kasheshe nimeishuhudia kwenye chekechea moja hapa Mpanda, nikaona si vizuri nikae nayo peke yangu.

Shule siitaji jina. Mwalimu wa pale ni dada mchangamfu, bado kijana. Alichoka na somo la ubaoni. Kila siku watoto wanaimba kwa nguvu, "Yai! Kiluwiluwi! Chura!" Kengele ikilia wanatoka nje mbio, wakimkuta chura wa kweli wanamponda mawe. Ukimwuliza mtoto kiluwiluwi yukoje, anakutazama tu. Wimbo anaujua, mdudu wake hajawahi kumwona.

Basi siku moja mwalimu akaja na ndoo nyeupe ya plastiki. Ndani kulikuwa na maji ya dimbwi na mayai ya chura. Kama hujawahi kuyaona, fikiria ute wa yai la kuku uliomwagiwa punje za pilipili manga. Watoto walijaa pale kama wamesikia kuna pipi za bure.

MAMA AJA JUU

Kesho yake asubuhi akatokea mama mmoja, khanga imefungwa kiunoni. Nyie mnajua maana yake.

"Shikamoo mama," mwalimu akaanza.

"Marahaba. Sikuja kukaa. Hivi mwalimu, mnamfundisha mwanangu kusoma au mnamfundisha uchawi?"

"Mama, ni somo la sayansi hilo."

"Sayansi gani ya chura? Chura anatumwa, mwalimu! Akimkojolea mtoto mikono itaota chunjua, utakuja kunilipia hospitali wewe?"

Wenzangu, msimcheke huyo mama. Hayo ameyasikia kwa mama yake, na mama yake aliyasikia kwa bibi. Hata sisi tuliofika Form Four tunaruka pembeni chura akitokea bafuni usiku. Ukweli ni kwamba chunjua zinaletwa na virusi vinavyoambukiza kutoka mtu hadi mtu. Chura hahusiki. Lakini woga wa mama haukuwa wa bure moja kwa moja. Wapo chura wenye tezi za sumu nyuma ya macho. Mtoto akimshika, halafu akajisugua machoni, atalia. Kwa hiyo kunawa mikono kwa sabuni ni lazima.

Mwalimu hakubishana. Alimwambia, "Mama, ndoo naihamishia nje chini ya mwembe. Mwanao ataangalia tu, hatashika. Na wewe ukipita sokoni karibu uangalie." Mama akasonya kidogo, akaondoka. Ila hakumhamisha mtoto. Hapo ndipo mwalimu aliponifurahisha, maana wengi wetu tungeanza kutunishiana misuli.

MKIA UMEENDA WAPI?

Baada ya siku chache punje zile nyeusi zikaanza kutikisika, mara viluwiluwi hao, kichwa na mkia basi. Anapumua ndani ya maji kama samaki, anakula ukoga wa kijani. Mwalimu akawa anawatilia mchicha uliochemshwa, kidogo sana ili maji yasioze. Wiki zikapita. Miguu ya nyuma ikachomoza kwanza, kisha ya mbele. Mwalimu akaweka jiwe ndani ya ndoo, kwa sababu hapo kiumbe anaanza kuhitaji hewa ya juu, akikosa pa kupanda anakufa maji. Chura kufa maji! Watoto walicheka mpaka basi.

Mtoto mmoja wa kike akauliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kuulizwa shuleni: "Mwalimu, mkia umekatwa na nani?"

Haukatwi na mtu, wala hauanguki. Mwili unaunyonya taratibu. Siku hizo mdomo na tumbo vinabadilika, toka tumbo la kula majani mpaka tumbo la kula wadudu, kwa hiyo hali chakula. Mkia ndiyo akiba yake.

Mwingine akadakia, "Mvua isiponyesha wanakaa wapi? Babu kasema wanaanguka na mvua." Hapa Katavi swali hilo lina maana. Kiangazi chetu ni kirefu. Kule hifadhini viboko wanabanana kwenye madimbwi ya mto Katuma mpaka wanapigana, na watalii wanapanda ndege kuja kuwapiga picha. Chura hana mpiga picha. Wapo wanaojifukia ardhini miezi yote hiyo, wakisikia unyevu wa mvua za kwanza wanaibuka wote kwa pamoja. Ndiyo maana babu akadhani wametoka mawinguni. Na zile kelele? Wanaolia ni madume wanatafuta wachumba. Tembo anakunywa maji yake kama methali inavyosema, lakini ujumbe haukuwa wake.

YUPO ASIYETAGA

Sasa msomaji, nikupe moja ambayo wimbo wa darasani hauna. Tanzania tuna chura asiyetaga mayai na asiye na kiluwiluwi anayeogelea. Anazaa! Mtoto anatoka tumboni akiwa chura kamili, mdogo kuliko punje ya mchele. Huyo ni chura wa Kihansi, wa rangi ya manjano kama dhahabu. Hata mama mzima ni mdogo sana.

Watafiti walimgundua mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Alikuwa akiishi sehemu ndogo tu duniani, pale manyunyu ya maporomoko yanapolowanisha majani mchana na usiku. Bwawa la umeme lilipojengwa, maji mengi yakaenda kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Ikabidi wafunge mabomba ya kunyunyizia maji. Mwaka 2000 chura 499 wakapandishwa ndege kwenda bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Walifanya la maana, kwa sababu mwaka 2003 waliobaki korongoni walipukutika, na ugonjwa wa fangasi wa ngozi ukatajwa. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 chura 100 wakarudi nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Nilipowasimulia watoto wale, mmoja alinyamaza, halafu akauliza, "Anko, na wa kwetu wakiisha tutawatoa wapi?" Sikuwa na jibu la utani.

Maana chura anakunywa kwa ngozi, si kwa mdomo, na ngozi hiyo hiyo inamsaidia kupumua. Sumu ya shambani, sabuni ya kufulia, mafuta ya gereji, vyote vinaingia mwilini moja kwa moja. Dimbwi likichafuliwa yeye ndiye wa kwanza kuugua. Tena usiku kucha anakula wadudu tunaowalalamikia. Mtoto anayemponda mawe anamponda mlinzi asiyedai mshahara.

UKITAKA KUJARIBU NYUMBANI

Mambo ni rahisi, ila yana masharti. Kwanza, mayai achote mtu mzima. Haya mashimo ya matofali yaliyojaa maji mtaani ni marefu, mtoto akiteleza ni msiba, na maji yaliyotuama yana kichocho. Pili, chota machache, kumi yanatosha. Tatu, tumia maji ya dimbwi lile lile, si ya bomba yenye dawa. Nne, ndoo ikae kivulini na ifunikwe kipande cha chandarua, la sivyo utafuga mbu. Tano, wakishapata miguu warudishe pale pale ulipowatoa. Ukiwapeleka dimbwi jingine unaweza kuhamisha magonjwa, na habari ya fangasi umeshaisikia.

Huna ndoo? Wape watoto udongo wa mfinyanzi wafinyange yai, kiluwiluwi na chura, au wacheze kwa miili yao: wajikunje kama mayai, watikise mkia, watoe miguu, kisha waruke. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kukariri. Anahitaji kuona kitu kikibadilika mbele yake, siku hadi siku, na kuelewa kwamba aliye mdogo leo si wa kuonewa.

Yule mama wa khanga? Nasikia siku hizi akipita chini ya mwembe anaangalia kwa mbali. Mikono kaificha, lakini anaangalia. Na mwanawe ndiye anayewazuia wenzake kurusha mawe, kwa kauli moja tu: "Acha, huyo alikuwa na mkia!"

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.