Njia kama Sehemu ya Ngoma: Mdundiko wa Wazaramo na Yangge ya China

1.0 Utangulizi

Uchambuzi wa ngoma za jadi aghalabu hushughulikia mapigo, nyimbo na miondoko ya mwili, na njia wanayopita wachezaji huachwa kando. Makala haya yanaeleza kuwa katika ngoma za kutembea njia nayo hubeba maana. Mfano mkuu ni mdundiko, ngoma ya Wazaramo ichezwayo pia katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, Dar es Salaam.

2.0 Mdundiko na Kutolewa kwa Mwali

Katika jadi ya Wazaramo, msichana aliyevunja ungo huwekwa ndani na kufundwa. Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti katika kijiji cha Bunju, kaskazini mwa Kinondoni, katika miaka ya 1960, alieleza nafasi ya mti wa mkole katika mafunzo hayo kama ishara ya uzazi. Kuwekwa ndani ni jambo la faragha; kutolewa ni kinyume chake. Mdundiko hupita barabarani, na majirani huungana nao. Kwa hiyo kila mtaa unaopitiwa huwa shahidi kwamba aliyeingia mtoto ametoka mtu mzima. Mjini, ushahidi huo hutolewa hata na wasiojua Kizaramo.

3.0 Yangge na Mkono wa Dola

Yangge ni ngoma ya wakulima wa China ya kaskazini, ichezwayo hasa wakati wa Mwaka Mpya wa jadi. Wachezaji huandamana kijijini wakitakia kaya heri. Katika miaka ya 1940, huko Yan'an, Chama cha Kikomunisti kiliitia ujumbe wa kisiasa. Hata hivyo, mwaka 1949 yangge ilikuwa bado ikiandamana, safari hii katika barabara za miji. Tanganyika iliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, na kikundi cha ngoma cha taifa kilichofuata kilizipandisha ngoma za makabila jukwaani.

4.0 Hitimisho

Jukwaani hatua za ngoma hubaki, lakini mwali hayupo, na jirani aliyekuwa shahidi amegeuka mtazamaji aliyeketi. Hivyo, kuhifadhi mapigo na miondoko pekee hakutoshi. Mtafiti wa mdundiko hana budi kuandika pia ngoma ilianzia nyumba gani, ilipita mitaa ipi, na nani waliungana nayo njiani.